Namna ya kukadiria uadimu wa opsheni za gari la michezo la zamani

"Yaya, hii gari ni moja kati ya ngapi?" Swali hilo hunifikia karibu kila wiki, na karibu kila mara linakuja na picha ya tangazo: gari la michezo la miaka ya 1960 huko Ubelgiji au Marekani, na chini yake muuzaji ameandika kwamba yalitengenezwa matano tu yenye injini hiyo, rangi hiyo na ekzosi hiyo. Wanaouliza ni makomisioneri (madalali) wa hapa Lubumbashi waliotumwa na wateja wenye pesa, au vijana wa komini ya Kenya na Kamalondo wanaoyapenda magari haya hata kama hawatanunua leo. Mara chache ni familia yenye gari lililofunikwa turubai uani tangu mzee alipoacha kuendesha. Wote wanataka namba moja.

Nimeandika mwongozo huu ili ujifanyie hesabu mwenyewe. Mfano nitakaoutumia toka mwanzo hadi mwisho ni Chevrolet Corvette ya 1967, kwa kuwa takwimu zake zimechapishwa opsheni kwa opsheni (yaani kila kitu ambacho mnunuzi alichagua wakati wa kuagiza) na zinajulikana sana. Ukishaielewa Corvette, njia ni ileile kwa Jaguar, Alfa Romeo au Porsche.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Picha safi za namba ya shasi, za kibati cha rangi na za namba iliyogongwa kwenye injini. Picha ya gari zima linang'aa mbele ya hoteli haikusaidii chochote.
- Jedwali la uzalishaji la mwaka ule wa modeli: jumla ya magari, mgawanyo wa bodi, idadi ya kila opsheni na idadi ya kila rangi.
- Kitabu cha kuagizia walichokuwa nacho wauzaji wa mwaka huo, au walau brosha yake. Humu ndimo mnaandikwa opsheni gani inakwenda na ipi, na ipi inakataliwa na ipi. Watu wengi hukiruka, na ndiyo maana hesabu zao zinaharibika.
- Kalamu, daftari na kalkuleta ya simu. Majedwali yapakue umeme ukiwepo, uyahifadhi kwenye simu. Hii kazi haipendi kukatizwa katikati.

Hatua ya 1: Thibitisha gari lilizaliwa na nini

Tunahesabu gari lilivyotoka kiwandani. Rangi iliyopulizwa baadaye haihesabiwi, na ekzosi iliyofungwa na fundi mwaka juzi haihesabiwi, hata kama ni kipuri halisi cha kampuni.

Kwa Corvette ya 1967, namba ya shasi inasema kidogo. Ikianza na 19437 ni bodi ya paa la kudumu. Ikianza na 19467 ni gari la wazi. Tarakimu sita za mwisho zinaanzia 100001 na kuishia 122940, kwa hiyo namba zenyewe zinakuambia jumla ni magari 22,940. Kuhusu injini, namba hiyo haisemi neno. Injini utaitafuta kwenye herufi zilizogongwa kwenye injini yenyewe: JE ni L71, ile ya nguvu farasi 435, IT ni L88, injini ya mashindano. Kibati cha rangi kinabeba namba ya rangi ya nje na ya viti; 900, kwa mfano, ni nyeusi ya Tuxedo Black.

Ushahidi wenye nguvu kuliko yote ni karatasi ya maagizo iliyobandikwa juu ya tenki ya mafuta, inayotaja opsheni zote za gari hilo. Kuifikia ni kazi, lakini muuzaji anayedai gari lake ni moja kati ya matano anapaswa kuwa na picha yake.

Angalia sana: herufi za injini zinaweza kugongwa upya, na karatasi inaweza kuchapishwa upya. Linganisha tarehe. Injini iliyotengenezwa baada ya bodi kuunganishwa haikuzaliwa na gari hilo. Na kwa magari yaliyozeekea hapa kwetu, usishangae ukikuta injini nyingine kabisa. Vipuri vilikuwa vigumu kupatikana, fundi aliweka alichopata ili gari litembee. Anza kwa kulinganisha namba ya shasi na ile iliyo kwenye karte roze (hati ya usajili wa gari) kabla ya kusogea mbele.

Hatua ya 2: Amua unahesabu kati ya magari gani

"Moja kati ya 84" haina maana mpaka useme 84 ya nini. Ya mwaka ule? Ya modeli yote tangu ianze hadi iishe? Ya magari yaliyopelekwa Ulaya tu? Wauzaji hupenda kulipunguza kundi kimyakimya mpaka gari lao libaki peke yake, na hapo ndipo unapodanganyika.

Chagua kundi moja, liandike juu ya ukurasa, usiliache. Mimi hutumia mwaka wa modeli, kwa sababu ndivyo majedwali yalivyopangwa. Kumbuka kwamba mwaka wa modeli wa Wamarekani huanza miezi kadhaa kabla ya Januari. Gari lililounganishwa Oktoba 1966 linaweza kuwa la modeli ya 1967.

Kundi letu: Corvette zote za modeli ya 1967. Jumla 22,940, za wazi 14,436, za paa la kudumu 8,504.

Hatua ya 3: Orodhesha opsheni pamoja na idadi zake

Andika zile tu zinazotofautisha. Redio iliwekwa kwenye magari 22,193, kwa hiyo kuitaja kama uadimu ni kumchosha msomaji. Difu ya kuzuia gurudumu moja kuteleza ilikuwa kwenye 20,308, nayo iache.

Zinazobaki kwa mfano wetu:

- Injini L71: 3,754
- Rangi nyeusi: 815
- Bodi ya wazi: 14,436
- Ekzosi za ubavuni, N14: 4,209

Muuzaji wetu anasema gari lake lina vyote vinne. Kabla ya kuzidisha chochote, nenda hatua inayofuata. Hapa ndipo naomba ukae muda mrefu kuliko popote pengine.

Hatua ya 4: Tafuta sheria za kiwanda

Kosa linalorudiwa kila siku ni hili: mtu anachukua asilimia ya kila opsheni, anazizidisha zote, anapata namba ndogo, anafurahi. Hesabu hiyo ni sahihi pale tu opsheni zisipotegemeana. Kiwandani, nyingi zilitegemeana, na kwa namna tatu.

*Katazo.* Kiyoyozi kiliwekwa kwenye Corvette 3,788 za mwaka huo. L71 zilikuwa 3,754. Zidisha kwa upofu (3,788 × 3,754 ÷ 22,940) utapata magari kama 620 yenye vyote viwili. Idadi halisi ni sifuri, kwa kuwa kiwanda hakikuuza kiyoyozi pamoja na injini hiyo. Ukiona leo L71 yenye kiyoyozi, hujakutana na johari. Umekutana na gari lililobadilishwa. L88 nayo haikupewa redio wala hita.

*Lazima.* L88 zilikuwa 20 tu. Giaboksi nzito ya M22 nayo ilikuwa kwenye magari 20. Hazikulingana kwa bahati: aliyeagiza L88 alipewa M22, ni magari yaleyale. Ukizidisha asilimia utaambiwa kwamba gari lenye vyote viwili ni sehemu ndogo sana ya gari moja, 0.017. Ukweli ni 20. Kwa hiyo tangazo linalosema "L88 adimu, tena yenye M22 adimu" limehesabu kitu kimoja mara mbili.

*Opsheni ndani ya opsheni.* Paa gumu la kuvua na kuvaa liliuzwa 6,880, na ni kwa magari ya wazi tu. Kifuniko cha vinili cha paa hilo kiliuzwa 1,966, na bila paa gumu hakina pa kukaa. Kwa hiyo gari la wazi lenye paa gumu lenye vinili ni 1,966, basi. Mwenye kuzidisha asilimia zote tatu (ya gari la wazi, ya paa gumu na ya vinili) atapata 371 na kutangaza gari adimu mara tano kuliko lilivyo.

Kuna na pakiti, yaani vitu kadhaa vilivyouzwa pamoja kwa namba moja, ambazo ni hatari zaidi kwa magari ya Ulaya. Chukua Porsche 911 Carrera RS 2.7 ya 1973. Zilitengenezwa 1,580: 1,308 zenye pakiti ya Touring (M472), 200 zenye pakiti nyepesi ya Sport (M471), 55 za mashindano za RSR (M491), na 17 za awali zilizotumika kupata kibali cha mashindano. Pakiti ya M471 iliondoa viti vya nyuma na kuleta vioo vyembamba vya Glaverbel, kampuni ya Ubelgiji. Vioo vyembamba na kukosa viti vya nyuma kwenye gari la M471 si uadimu mpya. Ni M471 ileile ikijieleza. Hesabu pakiti mara moja, funga.

Rudi sasa kwenye gari letu. L71, rangi nyeusi, bodi ya wazi na N14: hakuna inayokatazwa na nyingine, hakuna inayolazimishwa, hakuna iliyo ndani ya nyingine. Tunaweza kuendelea.

Hatua ya 5: Weka ukomo wa juu na wa chini

Hii ni rahisi na haiwezi kukudanganya. Ukomo wa juu ni idadi iliyo ndogo kuliko zote: hapa ni 815, kwa kuwa haziwezi kuwa L71 nyeusi nyingi kuliko Corvette nyeusi zenyewe.

Ukomo wa chini kwa opsheni mbili: jumlisha idadi zake, toa jumla ya magari. Ukipata chini ya sifuri, andika sifuri. Redio na ile difu: 20,308 + 22,193 − 22,940 = 19,561. Yaani magari yasiyopungua 19,561 yalikuwa na vyote viwili, hata wanunuzi wangekuwa na akili za namna gani. Kwa L71 na N14 unapata chini ya sifuri, kwa hiyo ukomo wa chini ni sifuri.

Namba yoyote utakayopata baadaye ikitoka nje ya mipaka hii, umekosea mahali. Rudi nyuma.

Hatua ya 6: Zidisha visivyotegemeana

Rangi na injini huwa hazifuatani sana. Mtu alichagua nyeusi kwa macho yake. Kwa hiyo:

- L71 nyeusi: 3,754 × 815 ÷ 22,940 = 133
- Kati ya hizo, za wazi: 133 × 14,436 ÷ 22,940 = 84
- Zenye ekzosi za ubavuni: 84 × 4,209 ÷ 22,940 = 15

Muuzaji wako angeishia kwenye 15. Wewe usiishie hapo. Anayeagiza bukari (ugali) huagiza na mboga yake, na anayelipia injini ya nguvu farasi 435 ana hamu ya kusikika akipita. Ni wazi kwamba wanunuzi wa L71 walizipenda ekzosi za ubavuni kuliko mnunuzi wa kawaida wa Corvette. Kiwanda hakikuwalazimisha, ni tamaa yao wenyewe, lakini hesabu inapinda vilevile. Jibu liko juu ya 15 na chini ya 84.

Kanuni ninayoifuata: rangi na injini, zidisha bila hofu kubwa. Opsheni za mwendo kwa opsheni za mwendo, au za starehe kwa za starehe (vioo vya umeme, stiringi pawa, kiyoyozi), kuzidisha kutakupa namba ndogo mno. Opsheni ya mwendo kwa ya starehe, kuzidisha kutakupa namba kubwa mno.

Hatua ya 7: Rekebisha kwa magari uliyoyaona

Kusanya magari yenye ushahidi wa karatasi: yaliyouzwa minadani, yaliyo kwenye rejista za klabu. Usichanganye na yasiyo na ushahidi.

Tuseme umepata L71 50 zenye karatasi, na 20 kati yake zilizaliwa na N14. Hiyo ni asilimia 40, mbali sana na 18 ya Corvette zote (4,209 ÷ 22,940). Kosa linaloweza kuwemo ulikadirie hivi: gawa 1 kwa kipeuo cha pili cha idadi uliyoiona. Kwa 50 ni kama 0.14, yaani pointi 14 juu au chini. Asilimia yako basi ni kati ya 26 na 54, na kwa 84 zetu ni magari 22 hadi 45. Hilo ndilo jibu ambalo ningelitia sahihi kama hizo 50 zingekuwa za kweli.

Onyo la kwanza: mnadani hupelekwa magari ya kuvutia. Yale ya kawaida hayapigwi picha. Sampuli yako inaelemea upande wa opsheni za fahari, kwa hiyo vuta jibu kidogo chini.

Onyo la pili, na hili nalipenda watu walikariri: "sijawahi kuona nyingine" si uthibitisho kwamba ni moja tu. Ukiangalia magari 100 usione hata moja lenye mchanganyiko unaoutafuta, bado yanaweza kuwa hadi asilimia 3 ya yote. Unapata hiyo kwa kugawa 3 kwa idadi uliyoiona. Kwa L71 zote, asilimia 3 ni magari kama 113.

Hatua ya 8: Andika jibu linalojitetea

Jibu zuri lina kundi, namba mbili na sababu. Mfano: "Corvette za modeli ya 1967, wazi, nyeusi, L71, zenye N14 toka kiwandani: kadirio 20 hadi 45, kwa takwimu za opsheni na sampuli ya magari 50 yenye karatasi." Komisioneri akimpelekea mteja wake sentensi hiyo, ataulizwa maswali, na majibu anayo.

Usiandike "yaliyobaki duniani". Tumehesabu yaliyozaliwa. Mangapi yamegongwa, yameoza au yamekatwakatwa kwa vipuri ni hesabu nyingine, na jedwali la kiwanda haliwezi kukuambia.

Usiandike bei pia. Uadimu na bei ni ndugu wasioelewana kila siku. Corvette 424 tu za 1967 zilitoka na giaboksi ya kawaida ya gia tatu, ile isiyolipiwa zaidi, kwa sababu karibu kila mnunuzi aliongeza pesa apate nyingine. Ni adimu kuliko L71 karibu mara tisa, na wakusanyaji hawaikimbilii.

Ukikwama

*Namba ni ndogo kuliko gari moja.* L88 nyeusi: 20 × 815 ÷ 22,940 = 0.71. Kundi likiwa dogo hivi, acha asilimia. Magari 20 yanafuatiliwa moja moja, kwa namba za shasi. Kama hakuna orodha ya kuaminika, jibu ni "haikadiriki kwa hesabu", na mteja lazima alikubali.

*Majedwali mawili yanapingana.* Angalia kwanza kama moja linahesabu mwaka wa modeli na jingine mwaka wa kalenda. Kisha angalia kama moja limejumlisha magari ya majaribio. Jumlisha rangi zote uone kama zinakaribia jumla ya magari; rangi za Corvette ya 1967 zinakaribia kabisa.

*Hakuna jedwali la opsheni.* Magari mengi ya Ulaya yako hivi. Anza na hatua ya 7 badala ya ya 3, na uandike upana mkubwa wa jibu bila aibu.

*Ni Ford.* Una bahati. Kwa modeli za kuanzia 1967, Kevin Marti wa Marekani ana kibali cha Ford cha kutumia kumbukumbu zao za uzalishaji, na ripoti yake ya kina zaidi hutoa idadi halisi ya mchanganyiko. Mustang ya 1969 haina haja ya kuzidishwa. Ripoti inalipiwa, inasomwa. Kwa Jaguar, omba cheti cha Jaguar Daimler Heritage Trust. Kitakuambia gari lilizaliwa na rangi gani na lilipelekwa wapi, ila idadi ya mchanganyiko utajihesabia. Porsche 911 nyingi za miaka ya 1980 zina kibandiko cha namba za opsheni chini ya boneti ya mbele. Piga picha hicho kwanza. Kwa Corvette za 1967, General Motors haina kumbukumbu ya gari moja moja ya kukutumia, ndiyo maana karatasi ya tenki ina thamani hivyo.

*Gari lina dashibodi ya kilomita badala ya maili.* Huenda lilitengenezwa kwa soko la nje, au limebadilishwa baadaye. Usilipunguze kundi lako kuwa la magari ya nje mpaka uone karatasi.

*Muuzaji hataki kutuma picha za namba.* Mwandikie mara moja tena, kwa heshima, ukitaja picha tatu unazozihitaji: shasi, kibati, injini. Asipotuma, fanya hesabu ya modeli tupu bila opsheni hata moja, umpe mteja wako hiyo, na bei ijadiliwe kwa msingi huo.